Maswali ya Wasomaji: Frikiki za Juninho

SWALI (msomaji, Tanga): Nacheza kiungo katika timu ya mtaani. Nimeangalia sana video za frikiki (mipira ya adhabu) za Juninho Pernambucano, kiungo wa Brazil, enzi zake Lyon ya Ufaransa, jinsi mpira ulivyokuwa ukiyumba hewani hadi kipa anababaika. Nikijaribu mimi, ama unapaa juu ya mtambaa panya, ama unapinda kama wa mtu yeyote. Nakosea wapi?

JIBU: Tatizo lako ni mzunguko. Mpira unaopinda unapinda kwa sababu unajizungusha. Wa Juninho uliyumba kwa sababu haukujizungusha, au ulijizungusha kidogo mno. Hapo hewa inayoupita haiachani nao sawasawa pande zote: mishono inaivuruga, mara upande huu mara ule, na kila inapobadilika mpira unasukumwa. Hali hii hujitokeza zaidi pale mpira uliotoka kwa kasi unapoanza kuchoka. Ndiyo maana umbali wa mita 25 hadi 35 unaufaa mtindo huu. Ukipiga kutoka mita 18, mpira unafika golini kabla haujapata nafasi ya kucheza.

Uweke mpira huku tundu la kujazia upepo likikutazama. Tundu halina uchawi, ila linalipa jicho lako alama ya kulenga. Rudi hatua nne au tano, karibu moja kwa moja nyuma ya mpira. Mguu wa kusimamia utue ubavuni mwa mpira, mbali nao kama shibiri moja, vidole vikielekea golini. Kaza kifundo, kisha piga kwa ule mfupa mgumu ulio juu ya shina la kidole gumba, katikati ya mpira au chini kidogo tu ya hapo. Andrea Pirlo, kiungo wa Italia, alizichunguza frikiki za Juninho kwa muda mrefu mpaka akagundua kwamba mpira uliguswa na sehemu ndogo tu ya mguu, vidole vitatu. Baada ya kugusa, ukate mguu. Usiusindikize mpira, kwa sababu huko kusindikiza ndiko kunakouzungusha.

Unapaa kwa sababu mguu wa kusimamia unabaki nyuma na kifua kinalala. Unapinda kwa sababu mguu unaukumbatia mpira. Kujipima, chora mstari wa kalamu ya wino mzito kuuzunguka mpira wote, halafu msimamishe mwenzako nyuma yako. Mstari ukitulia hadi golini, umepatia. Ukizunguka kuja kwenu, umepiga chini mno. Ukizunguka kwenda ubavuni, umepiga pembeni.

Angalia na mpira wenyewe. Sheria inataka mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Mpira uliovimba upande mmoja utayumba hata ukipigwa vibaya, na utakudanganya kwamba umeshajua. Piga 20 hadi 25 kwa siku ukiwa umeshapasha mwili moto, kisha pumzika. Kinena kikianza kuvuta, acha papo hapo.

SWALI (msomaji, Nairobi): Mimi napiga bila mzunguko kabisa, mwenzangu amehakikisha. Mbona hauyumbi kama wa kwenye video?

JIBU: Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya sita. Hewa ikipungua, nguvu inayousukuma mpira nayo inapungua. Kwa upande mwingine, mpira wako unafika haraka zaidi. Sogea nyuma mita mbili tatu.

SWALI (msomaji, Zanzibar): Je, mabao yake yote ya frikiki yalikuwa ya kuyumba? Na ni yeye aliyebuni mtindo huu?

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Akiwa Lyon, 2001 hadi 2009, alifunga mabao 100 katika mechi 344, na 44 kati ya hayo ni ya frikiki. Mengine aliyapindisha juu ya ukuta, na mengine yalikuwa kama krosi. Tazama lile la Februari 2009 dhidi ya Barcelona, dakika ya 7. Mpira ulikuwa pembeni kabisa kushoto. Kipa wao Víctor Valdés akapiga hatua mbele akitarajia krosi, mpira ukampita juu na kuingia upande wa mbali. Hapo kipa hakushindwa na upepo, alishindwa na uamuzi. Kinyume chake ni lile la Munich, Novemba 2003: kipa wa Bayern, Oliver Kahn, aliufuata mpira uliokuwa ukibadilika njiani, akaishia kujigonga kwenye mwamba wa goli.

Kabla yake, Brazil ilikuwa na Didi, ambaye shuti lake liliitwa "jani kavu" kwa jinsi lilivyoshuka ghafla. Kwa shuti hilo Didi aliifunga Peru mwaka 1957 na kuipeleka Brazil kwenye Kombe la Dunia la 1958. Juninho aliurithi ufundi huo, akaufanyia kazi kuliko yeyote wa kizazi chake.

SWALI (msomaji huyohuyo): Mbona basi timu ya taifa hakung'ara?

JIBU: Alizaliwa wakati mgumu. Nafasi zake zilikuwa na Rivaldo, kisha Ronaldinho na Kaká, na Kombe la Dunia la 2002 hakuitwa kabisa, ilhali Lyon ndiyo kwanza imetwaa ubingwa wa Ufaransa, wa kwanza kati ya saba mfululizo. Kwa maoni yetu, Brazil ilimtumia kidogo kuliko alivyostahili. Alicheza mechi 40. Kwenye Kombe la Dunia la Ujerumani 2006 aliifunga Japani kwa shuti la mbali mjini Dortmund, kisha Ufaransa wakawatoa kwa bao 1-0 katika robo fainali. Baada ya hapo akaiaga timu ya taifa. Daluga alizitundika mwanzoni mwa 2014, akiwa na miaka 39, huko Vasco da Gama, klabu ya Brazil alikotwaa Copa Libertadores (ubingwa wa klabu za Amerika Kusini) ya 1998.