Mzee mwembamba na LDL 5.2

Dada, umeuliza kama baba yako wa Kibosho, mwembamba na anayepanda mlima kila siku kwenda shambani, kweli anaweza kuwa na LDL (lehemu mbaya ya kwenye damu) ya 5.2. Anaweza kabisa. Lehemu (kolesteroli) nyingi hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo lenye kazi ya kuiondoa LDL kwenye damu. Likiwa zito kazini, LDL inabaki ikizunguka, nyingine inapenya ukuta wa ateri (mshipa wa damu) na kunasa humo, ikijenga utando wa mafuta miaka na miaka bila maumivu yoyote. Utando ule ukipasuka, damu inaganda juu yake. Ikiziba ateri ya moyo, ndiyo mshtuko wa moyo. Kwa hiyo "mbona najisikia vizuri" ya mzee haina uzito hapa.

LDL ikivuka 4.9 mmol/L (kama 190 kwa mg/dL) madaktari huanza kuuliza ukoo. Kuna babu au baba mdogo aliyepata ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana? Kuna aina ya lehemu nyingi ya kurithi, na hapo hata wewe na ndugu zako mpime.

Ile supu ya asubuhi ambayo mafuta yanaganda ukingoni mwa bakuli kwa baridi ya kule, apunguze. (Mimi niliiacha shingo upande.) Ila kwa 5.2 chakula peke yake hakitoshi, statini (vidonge vya kushusha lehemu) ndiyo inayoishusha hasa. Kila LDL ikishuka kwa 1 mmol/L, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi inapungua kwa takriban moja ya tano. Misuli ikimuuma arudi kwa daktari, asiache vidonge kimyakimya.