Maswali na Majibu: Utao kwa Wazungu

Naishi Toronto. Jirani yangu, Mkanada, ananialika kwenye tai chi ya Kitao, yaani ya Utao, dini ya kale ya Wachina. Mimi ni Muislamu. Je, nitakuwa nimeshiriki ibada yao?

Mazoezi yenyewe ni miondoko 108 ya polepole, na wengi hufuata afya ya mgongo na magoti. Lakini ujue unaingia wapi. Kama ni chama kilichotokana na Moy Lin-shin, mwalimu wa Kitao aliyehamia Kanada mwaka 1970, hicho ni taasisi ya kidini. Kina mahekalu yenye madhabahu, vijiti vya udi na sanamu za miungu. Uliza kabla ya kujiandikisha: mazoezi yanaishia wapi, ibada inaanzia wapi? Ukishajua, zungumza na shehe wako.

Alama ya yin na yang ni ya uchawi?

Hapana. Inaonyesha hali mbili zinazotegemeana, kama usiku na mchana.

Wazungu wengi husema, "Sina dini, nafuata Tao (Njia) tu." Inawezekana?

Inawezekana, ila walichonacho ni kipande tu. James Legge, mmisionari wa Uskoti aliyekuja kuwa profesa wa kwanza wa Kichina Oxford, alichapisha tafsiri yake ya Daode jing, kitabu cha msingi cha Utao, mwaka 1891. Wasomi wengi wa zama zake walikistahi kitabu hicho cha kale, huku ibada za hekaluni wakiziita ushirikina. Basi Ulaya ikapokea kitabu bila makuhani, bila maziko, bila sikukuu. Aliyeachana na kanisa akakuta sura 81 fupi zisizomtishia moto wa milele, akazipenda. Simlaumu hata kidogo. Kinachoniuma ni kusikia akidai kwamba Wachina wa hekaluni ndio walioharibu Utao "halisi", ilhali wao ndio waliousoma, wakaunakili na kuurithisha kwa karne nyingi, tena wengine wakiteswa kwa ajili yake wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao nchini China ya miaka ya 1966 hadi 1976.

Je, mtu asiye Mchina anaweza kuwa kuhani wa Kitao?

Anaweza. Mholanzi Kristofer Schipper, msomi aliyefundisha Ufaransa, alikwenda Taiwan miaka ya 1960, akajifunza kwa makuhani wa Tainan, na mwaka 1968 akawekwa wakfu. Alihitaji lugha, mwalimu na miaka ya kujifunza taratibu za ibada. Anayekuuzia cheti cha ukuhani kwa semina ya siku mbili, usimpe pesa zako.