Pingu zinazokwama na zinazorudi nyuma visiwani: kagua haya kabla ya kulaumu mzigo

Ndugu aliyefungua uzi huu anasema pingu walizokabidhiwa askari wa kituo chao, huku visiwani Lamu, zimeanza kusumbua kabla ya mwaka kwisha. Mbili hazifunguki kwa ufunguo, moja ukiivuta inarudi nyuma. Anauliza kama ni mzigo mbovu. Wengi hapo juu wamemjibu "ni feki, tupeni". Inawezekana, lakini jibu hilo peke yake halimsaidii. Hata akiletewa pingu bora kuliko zote, zikitunzwa vilevile zitamfikisha palepale kaskazi ijayo.

Kwanza tuelewane kwamba kukwama na kurudi nyuma ni magonjwa mawili. Chukua pingu moja uiweke mezani. Kuna mkono wa chuma unaozunguka, wenye meno upande mmoja. Kuna mashavu mawili yaliyofungwa pamoja kwa ribiti (vijiti vya chuma vilivyogongwa vikakaza), na mkono huo unapita katikati yake. Ndani ya mashavu mna ulimi mdogo wenye meno, mara nyingi matatu, unaosukumwa na springi ukae juu ya meno ya mkono. Ulimi huo unaruhusu mkono kuingia na kuukatalia kurudi. Pembeni yake kuna kipande kingine, kufuli ya pili, ambayo ikisukumwa huukaza ulimi pale pale usisogee upande wowote. Basi, hakuna zaidi ya hayo, ukiacha shingo, yaani kiungo kinachozunguka pale mnyororo unaposhikana na pingu, na pete za mnyororo. Muundo huu wa mkono unaopita moja kwa moja ulipewa hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1912 kwa jina la George Carney, na kampuni ya Peerless iliyoanzishwa 1914 ndiyo iliyoueneza. Tangu hapo watengenezaji wengi wameufuata, ndiyo maana ufunguo mmoja hufungua pingu za kampuni nyingi.

Pingu inayorudi nyuma, tatizo liko kwenye ulimi: springi imelegea au imekatika, au ulimi umegandia juu kwa uchafu, au meno yamelika, au mashavu yameachana kiasi kwamba meno hayakutani sawasawa. Pingu isiyofunguka, mara nyingi ni kufuli ya pili imeganda kwa chumvi. Au ufunguo unazungushwa upande mmoja tu. Kufuli ya pili ikiwa imefungwa, ufunguo huzungushwa kwanza kinyume na upande wa kufungulia, utasikia mlio mdogo, kisha ndipo unarudishwa upande wa kufungulia. Askari asiyejua hili hukaza ufunguo kwa nguvu hadi kijino chake kinapinda, na kuanzia siku hiyo ufunguo wenyewe ndio mgonjwa. Kabla ya kuandika kwamba pingu ni mbovu, jaribu ufunguo mpya, pande zote mbili.

Nguvu ya chuma si jambo la kukukosesha usingizi. Kiwango cha NIJ, Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani, cha mwaka 1982, ambacho watengenezaji wengi bado wanakitaja kwenye boksi, kinataka pingu ihimili mvuto wa niutoni 2,200, kama kuning'iniza mzigo wa kilo 224 hivi. Mtu hakati pingu nzima kwa misuli. Anachoweza kufanya ni kunufaika na ulimi usioshika, au na kufuli ya pili ambayo askari hakuifunga.

Sasa chumvi. Pingu nyingi ni chuma cha kaboni kilichopakwa nikeli. Nikeli inakinga kwa kufunika tu. Ikikwaruzwa pahali, chuma kilicho chini huliwa haraka zaidi kuliko kama kisingepakwa kabisa, kwa sababu nikeli na chuma vikiloa maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Angalia pingu iliyokaa kiunoni mwa askari wa doria ya boti: kwa nje inang'aa kama mpya. Iinue kwenye mwanga wa dirisha, chungulia mwanya wa mashavu mawili, uone vidoa vya rangi ya udongo na ukoko mweupe pembezoni mwa ribiti. Huo ukoko ndio adui. Mrusho wa bahari ukikauka mchana unaacha chembe za chumvi ndani ya mwanya. Usiku unyevu ukipita asilimia 75 hivi, chembe hizo hunyonya maji hewani na kuwa majimaji tena. Kwa Lamu hilo hutokea karibu kila usiku, hivyo pingu inaendelea kuliwa hata ikining'inia kwenye ndoano kituoni wiki mbili bila kuguswa. Kuipangusa kwa kitambaa kwa nje hakusaidii chochote.

Dawa ni maji matamu, na siku hiyohiyo. Fungua pingu, ya kulia na ya kushoto, zitumbukize kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo, dakika 10. Zikiwa ndani ya maji, zungusha kila mkono mara 20, na ufunge na kufungua kufuli ya pili mara tano, ili maji yapite ndani. Suuza kwa maji mengine safi. Kung'uta, tundu la ufunguo likiangalia chini, kisha zianike kivulini penye upepo mpaka zikauke kabisa. Angalizo moja kwa wenzetu wa mjini: visima vingi maji yake yana chumvi, na ukioshea hayo umeongeza kile ulichotaka kuondoa. Tumia maji matamu ya kijiji cha Shela, au ya mvua. Walio Pate na Kizingitini wana maji ya jabia (birika la kukingia mvua), hayo ni bora mno kwa kazi hii.

Zikikauka, mafuta ya cherehani: tone moja kwenye ribiti ya mkono, moja kwenye tundu la ufunguo, moja kwenye tundu la kufuli ya pili, na moja kwenye shingo ya mnyororo. Zungusha, kisha pangusa yaliyozidi mpaka kitambaa kitoke kikavu. Grisi usiweke, inashika mchanga, na mchanga wa Lamu ni mwembamba unaoingia popote. Grisi na mchanga vikichanganyika vinakuwa tupa inayokata meno. Mafuta ya simsim na mengine ya kupikia hugeuka ulimbo ndani ya wiki chache, na ulimi unabaki umegandia juu. Hii ni sababu kubwa ya pingu kurudi nyuma na watu hawaishuku. Oili chafu ya injini ina masizi na asidi. WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kopo, ni nzuri kwa kufukuza maji, lakini inaacha utando mwepesi tu, kwa hiyo ikishakauka bado weka mafuta. Unga wa penseli ambao mafundi vitasa huutumia, kwa bahari haufai: ukikutana na unyevu wa chumvi unakiongezea chuma kutu.

Ukaguzi hauchukui dakika tatu kwa pingu moja, na ungefanywa kila zamu inapopokezana. Sukuma mkono kidogo: upite mashavu na kurudi mwanzo bila kukwama. Ukisitasita, kuna kutu au mkono umepinda. Halafu ufunge polepole, jino baada ya jino, sikio karibu. Kila jino litoe mlio wake, mkavu, unaofanana na mwenzake. Mlio uliofifia ni jino lililolika au springi iliyochoka. Kwenye jino la kwanza, la katikati na la mwisho, simama uvute kwa nguvu kurudi nyuma. Lile la kwanza ndilo linaloumbua, kwa sababu hapo ulimi umeshika kwa sehemu tu; pingu inayoshika katikati lakini inateleza mwanzoni itamtelezea askari siku ya mtu mwenye kifundo kinene. Kisha funga kufuli ya pili, jaribu kuukaza mkono zaidi na kuuvuta: usisogee hata kidogo. Mwisho, shika mkono uutikise kulia na kushoto. Ukicheza sana katikati ya mashavu, ribiti imelegea. Fanya hayo kwa pingu ya kulia na ya kushoto pia, maana watu hukagua moja na kuiamini ya pili.

Kuhusu kufuli ya pili nitasema kwa msisitizo, kwa kuwa ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Bila hiyo, mkono wa pingu unaweza kuendelea kuingia jino baada ya jino kila mtu anapoegemea kiti au kuangukia upande. Anayefungwa hakukusudia, askari hakukusudia, lakini baada ya safari ya saa moja pingu imebana mpaka mfupa. Upande wa kidole gumba, juu tu ya kifundo, unapita mshipa wa fahamu ulio karibu sana na ngozi. Ukibanwa, mgongo wa kidole gumba hufa ganzi, na ganzi hiyo inaweza kudumu wiki au miezi. Vilevile, ulimi ambao haujakazwa ndio unaoweza kuchezewa kwa kitu chembamba. Ukikazwa, mlango huo umefungwa. Kwa hiyo tendo hilo moja linamlinda askari na aliyekamatwa kwa pamoja. Weka pingu katikati ya kiganja na kile kifundo cha mfupa, juu ya ngozi tupu, si juu ya saa, bangili wala mkono wa kanzu. Tundu za ufunguo ziangalie upande wa viwiko. Ncha ya kidole chako iingie kati ya pingu na mkono. Funga kufuli ya pili, rudia kupima kwa kidole. Sheria ya Kenya ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 24, inasema aliyekamatwa asizuiwe zaidi ya inavyohitajika kumzuia kutoroka. Pingu iliyobana imeshapita kiwango hicho.

Na kwetu kuna jambo ambalo mafunzo ya bara hayaligusi: boti. Mtu aliyekamatwa Kiunga au Faza anapaswa kufikishwa mahakamani, na Katiba, Ibara ya 49, inatoa saa 24 tangu akamatwe, kwa hiyo safari haiwezi kusubiri kusi itulie siku tatu. Aliyefungwa mikono nyuma akianguka majini hawezi kuushikilia uso wake juu ya maji, hata kama ni mtoto wa pwani aliyekulia kwenye jahazi. Ndani ya chombo pingu iwe mbele. Jaketi la kuokolea livaliwe KABLA ya pingu, maana ukishamfunga halipiti tena mikononi. Usimfunge na kitu chochote cha chombo, si mlingoti, si chuma cha pembeni, si kiti. Akae chini, katikati. Ufunguo uwe kwa askari wawili, kila mmoja na wake, umefungwa kwa kamba mwilini, si mfukoni na sarafu. Pikipiki za miji yetu ya Hindi na Mpeketoni ni vivyo hivyo: aliyefungwa nyuma hana cha kujishikilia, asipakiwe.

Pingu ikikwama mtu akiwa ndani yake, usikaze ufunguo. Mtulize, mkalishe wima. Jaribu ufunguo wa pili, pande zote mbili. Mwagia tundu maji matamu, kausha, tia tone la mafuta, subiri dakika tano, gongagonga shavu taratibu kwa mpini wa bisibisi, jaribu tena. Kama imeshindikana, kata pete ya mnyororo kwa mkasi wa kukatia chuma ili mikono itengane na mtu apumue, kisha apelekwe hospitali pingu iondolewe huko. Mashine ya kusagia chuma isikaribie ngozi, chuma hicho kinapata moto kwa sekunde chache.

Mkipata nafasi ya kushauri ununuzi, ombeni chuma kisichoshika kutu, mkijua nacho huchimbika vidoa visipooshwa. Pingu za alumini ni nyepesi kiunoni, lakini ndani zina vipande vya chuma, na alumini na chuma ndani ya maji ya chumvi hulana. Zile tepe za plastiki za kufungia mikono ziwe akiba tu na zikae gizani. Jua la huku huzifanya zikatike kama kijiti.

Kwa hizo tatu zako, ndugu: mbili zisizofunguka zioshe kama nilivyoeleza, mara mbili, ujaribu ufunguo mpya. Zikifunguka na kupita ukaguzi wote, zirudishe kazini na uandike tarehe. Ile inayorudi nyuma ioshe mara moja tu. Ikiendelea kuteleza hata kwenye jino moja, usigonge ribiti kwa nyundo wala kukunja springi, ulimi hautengenezeki kituoni. Andika namba yake kwenye rejista, ipelekwe kwa anayehusika na vifaa, na kabla haijaondoka kata pete moja ya mnyororo, isije ikarudishwa kwenye ndoano na mtu wa zamu ya usiku.