Kabla Hujakimwagia Tapentaini Kifaru Chako

Wadogo zangu, wiki hii nimeletewa kifaru cha nne, modeli ya plastiki ya kifaru cha vita. Cha nne! Kila kimoja kimetoka kwenye boksi lililokaa uvunguni miaka na miaka, kimefufuliwa kwa pupa usiku mmoja, na sasa mwenyewe ananiuliza, "Kaka, mbona kama kimeoga oili chafu?" Kwa sababu umekiogesha. Umekimwagia woshi nyeusi, ile rangi nyepesi kama maji ya kuingia kwenye pembe, kuanzia tureti (kile kichwa chenye mzinga) mpaka minyororo, halafu ukaenda kulala. Nakujua vizuri, maana nami nilikuwa hivyohivyo. Tena mimi nilizidi; nitafika huko.

1. Jua kwanza iliyoko chini ni rangi gani. Chovya pamba ya masikio kwenye alkoholi ya isopropili, sugua tumboni mwa kifaru pasipoonekana. Rangi ikitoka, ni akriliki. Isipotoka, jaribu tapentaini. Ikilainika hapo, ni enameli. Ikigoma kote, ni laka, au enameli iliyokauka miaka mingi hata imesahau asili yake. Ni jaribio la dakika mbili na hakuna anayelifanya. Mnapenda kubahatisha. Juzi mmoja kabahatisha, kapaka woshi ya enameli juu ya enameli isiyo na vanishi, brashi ikazoa mabaka yote ya ubavu wa kushoto, kisha akaniambia brashi yake ni mbovu.

2. Kuvua rangi: akriliki ivue kwa alkoholi na mswaki wa zamani, na tina ya laka, yaani kiyeyushio chake, usiikaribishe kabisa kwenye plastiki, itaondoka na riveti zako. Halafu, kabla hujashika msasa, tazama picha za kifaru halisi. Sikudhani siku moja ningelazimika kusema hili. Kuna kijana alipata Panther G, kifaru cha Wajerumani, iliyoachwa nusu na mtu mwingine. Akaikuta bodi nzima ina vimistari kama mawimbi madogo, akadhani ni rangi iliyokunjamana. Akakaa na msasa namba 400 siku mbili: mbele, ubavuni, mpaka tureti. Kisha akanitumia picha kwa fahari, "Kaka, tazama, kama kioo!"

Ilikuwa zimmerit. Ile lipu waliyopaka Wajerumani ili mabomu ya sumaku yasinate. Na yule mwenye modeli wa kwanza alikuwa ameichonga kwa puti, mstari kwa mstari, kwa mkono wake. Nililazimika kwenda kunywa maji kabla ya kumjibu.

3. Kipande kilichobandikwa vibaya kwa supaglu, kiweke kwenye friza saa 2 hivi. Gundi hupoteza nguvu na kipande kinaachia ukikisukuma taratibu.

4. Sasa tuzungumze kuhusu Tiger yangu.

Ilikuwa Tiger I, kifaru kingine cha Wajerumani, ya 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko halisi, nami nilikuwa nimeitelekeza miaka sita kwa sababu ya magurudumu. Aliyewahi kuijenga ananielewa: mikono 8 ya kushikia magurudumu kila upande, na magurudumu yamepandana kama magamba ya samaki. Siku nilipoirudia nilipaka vizuri bodi ya juu, tureti na mzinga. Huku chini, nyuma ya magurudumu, nikasema nani ataona? Nikaiacha plastiki tupu. Hata praima, ile rangi ya msingi, sikupiga. Kisha nikafunga minyororo ya vinili, ambayo ilikuwa mifupi kidogo, nikaivuta kwa nguvu mpaka ikafika, imekaza hadi ukiigusa inalia.

Jumamosi usiku nikaamua imalizike leo. Nikachanganya woshi ya kahawia na tapentaini nyingi, nikaimimina huko chini. Sikupaka, nilimimina. Nikakaa nikiitazama inavyokimbilia kwenye pembe na kuzunguka boliti, raha tupu. Nikapiga picha kumi na nne. Nikalala nikijiona fundi wa mafundi.

Asubuhi Tiger ilikuwa imelalia ubavu. Mikono mitatu imekatika. Nilipoinyanyua, wa nne ukabaki mezani. Wa tano niliugusa kwa ncha ya kidole tu, ukamomonyoka kama biskuti iliyoota unyevu. Plastiki tupu iliyo kwenye mvutano, ukiilowesha tapentaini, hupasuka. Na yangu ilikuwa inavutwa na minyororo mchana na usiku.

Lakini aibu yenyewe haiko hapo. Aibu ni kwamba sikujua kilichotokea, na wala sikutaka kujua. Nikamlaumu mtengenezaji. Nikamwambia kila niliyekutana naye kwamba plastiki ya siku hizi ni takataka. Nikailaumu gundi. Paka naye nusura apewe kesi. Na miezi saba baadaye nikarudia palepale, safari hii kwenye T-34, kifaru cha Wasovieti: woshi ileile, kumimina kulekule. Nikiwa nimeshika gurudumu lililodondoka, nimeanza ile hotuba yangu ya plastiki mbovu, mdogo wetu mmoja aliyekuwa akiniangalia tu, ambaye hata modeli ya kwanza alikuwa hajaimaliza, akauliza kwa upole, "Kaka, huku chini ulipiga praima?"

Sikumjibu. Nilijifanya natafuta brashi.

Tiger niliitengeneza. Nilitoboa kwa keekee ya milimita 0.5 na kutia waya wa shaba katika mikono yote 16, maana sikuuamini hata mmoja. Jioni nne ziliishia humo. Kwa hiyo nikiwaambia praima ifike hata kusikoonekana, woshi ikae kwenye ncha ya brashi, na mnyororo usivutwe kwa nguvu, msinione mzee mwenye kelele. Mnyororo ukiwa mfupi, utafutiwe mwingine. Na ule wa vinili wa zamani uliokaa miaka umegusana na magurudumu, ukaguliwe kabla ya yote; mara nyingi huwa umeshaila plastiki.

5. Rangi nene. Pigeni hesabu: unene wa milimita 0.2 kwenye 1/35 ni milimita 7 kwenye kifaru halisi. Jeshi gani hilo lenye rangi ya kuchezea hivyo? Ipunguze iwe nyepesi kama maziwa, eabrashi, yaani kipulizio cha rangi, kwenye bar 1 hivi, tabaka nyingi nyembamba. Na wale mnaosubiri mpate eabrashi ndipo muanze, brashi ya mkono haijawahi kumuua mtu. Hesabu hiyohiyo ni ya michubuko mnayopaka kuigiza rangi iliyobanduka: doa la milimita 3 ni zaidi ya sentimita 10. Kifaru chenye madoa mia ya namna hiyo hakikutoka vitani, kimetoka kwa muuza vyuma chakavu.

6. Dekali, zile alama na namba za kubandika: vanishi ya kung'aa kwanza, kisha dekali, kisha vanishi tena, ya kufifisha iwe ya mwisho. Nimelisema hili mpaka nimechoka. Na hiyo ya kufifisha usiipige siku ya unyevu, itakuachia ukungu mweupe, nawe utakuja kwangu kulia.

Ya saba nilikuwa nayo, imenitoka. Labda kwa sababu yule kijana wa Panther kaniandikia tena. Nilikuwa nimemtuliza kwamba Wajerumani waliacha kupaka zimmerit Septemba 1944, kwa hiyo Panther yake tuihesabu ni ya Oktoba, abadilishe namba za tureti maisha yaendelee. Alifurahi kupita kiasi. Sasa anauliza: mishono ya kuchomelea ambayo nayo ilikwenda na msasa, hiyo waliiacha mwezi gani?