Mume amepunguzwa kazi, viza yangu inaisha Oktoba

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa na raia wa Uingereza na tunaishi huku. Viza yangu ya ndoa nilipewa Januari 2024 na inaisha Oktoba. Mume wangu alipunguzwa kazini, sasa anaendesha gari la mizigo siku mbili tatu kwa wiki na kulipwa taslimu. Mimi ni mhudumu kwenye makao ya wazee, mwaka wa pili sasa, nalipwa kwa saa. Slipu yangu husoma kama pauni 1,700 kwa mwezi, mkononi inafika kama 1,500. Watu wananiambia sheria inataka pauni 29,000 kwa mwaka. Silali. Binamu wa mume wangu yuko tayari kutukopesha pauni 10,000 tuziweke benki zionekane, na rafiki mmoja anamjua mtu anayetengeneza slipu za mshahara. Nikiligusia jambo hili, mume wangu ananyamaza. Juzi tuligombana akaniambia, "Kumbuka uko nchi hii kwa mshahara wangu." Nifanye nini?*
*Dada wa Zamu ya Usiku*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayokukosesha usingizi, nayo iko vizuri kuliko ulivyoambiwa.

Hao watu hawakukudanganya kuhusu pauni 29,000. Kiwango hicho kipo, kilianza tarehe 11 Aprili 2024. Ila hakikuhusu wewe. Aliyeomba viza ya mwenzi kabla ya siku hiyo, akapewa, na bado yuko na mwenzi yule yule, akiongeza muda anapimwa kwa kiwango cha zamani: pauni 18,600 kwa mwaka. Wewe ulikuwa na viza yako tangu Januari.

Kuna jambo jingine ambalo naona hakuna aliyekuambia. Ulipoomba mara ya kwanza ukiwa nje ya Uingereza, mshahara uliotazamwa ulikuwa wa mumeo. Sasa uko ndani ya nchi na viza yako inakuruhusu kufanya kazi, kwa hiyo mshahara wako nao unahesabiwa. Unaweza kuunganishwa na wake, na ukitosha peke yake, unatosha. Tena kinachohesabiwa ni kiasi cha kabla ya kodi na makato, si kile kinachoingia mkononi. Nadhani ulichukua ile 1,500 ukaizidisha mara kumi na mbili, ukapata 18,000, moyo ukakuruka. Chukua 1,700. Kwa mwaka ni pauni 20,400. Umevuka kwa mshahara wako mwenyewe, hata mumeo asipopata kazi nyingine kabla ya Oktoba.

Lakini usilegee, kwa sababu wewe unalipwa kwa saa. Kwa mtu wa saa zinazopanda na kushuka, aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi sita au zaidi, wanachukua wastani wa miezi sita ya mwisho kabla ya ombi. Slipu hizo sita zikijumlishwa zinapaswa kufika angalau pauni 9,300. Kwa hiyo kuanzia sasa kila zamu ina uzito. Ukiwa na likizo isiyo na malipo unayoipanga, isogeze mbele, baada ya ombi. Na usihame kazi katika miezi hii, hata kama makao ya jirani yanalipa zaidi kidogo. Ukihama, miezi sita inaanza upya, na utapimwa kwa utaratibu mwingine unaofukua mapato yako ya mwaka mzima uliopita.

Karatasi zenyewe ni slipu za miezi hiyo sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo zinazoonyesha mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri inayotaja kazi yako, aina ya ajira, umekuwa hapo muda gani na unalipwa kiasi gani. Slipu na benki lazima zisomane. Karatasi ya mwisho isiwe imepitwa na zaidi ya siku 28 siku unapotuma ombi. Barua iombe mapema, ofisi za waajiri zina tabia ya kuchelewa.

Pauni 10,000 za binamu mrudishie kwa shukrani. Akiba huanza kusaidia ikishapita pauni 16,000, na mtu anayetegemea akiba tupu kwa kiwango chako anahitaji pauni 62,500. Inatakiwa iwe imekaa mikononi mwenu miezi sita, na mkopo haukubaliki kuwa akiba. Zawadi ya kweli ingekuwa habari nyingine, lakini hata hiyo ingekuwa chini ya pale hesabu inapoanzia.

Kuhusu yule mtu wa slipu, nakuomba kwa moyo wangu wote usimkaribie. Wizara ya Mambo ya Ndani huulizia mamlaka ya kodi kama mshahara huo kweli umetozwa kodi. Slipu ya kughushi ikigundulika, ombi zima linaanguka pamoja na ile sehemu yake iliyokuwa ya kweli, na mtu anaweza kufungiwa mlango wa kurudi kwa miaka 10. Wewe una slipu halali zinazotosha! Mwambie rafiki yako hivyo hivyo. Na ukitaka ushauri wa kulipia, mwulize huyo mshauri kama ni wakili au amesajiliwa na mamlaka ya ushauri wa uhamiaji. Asiye na sifa hizo haruhusiwi kisheria kukushauri.

Fedha ya kuitafuta kweli ni ya malipo. Tozo ya afya, ile anayolipa mhamiaji ili atumie huduma ya afya ya serikali, peke yake ni pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa nyongeza ya miaka miwili na nusu inafika pauni 2,587.50, nayo hulipwa yote siku ya kuomba. Ada ya ombi ni kando. Hapo ndipo gari la mizigo la mumeo linaposaidia: fedha zake hazihitajiki kufikisha kiwango, zinahitajika kulipia ombi. Kama uliingia kwa mtihani wa Kiingereza wa A1, ngazi ya chini kabisa, safari hii utahitaji A2, ngazi inayofuata, basi jiandikishe mapema.

Sasa tuje kwa mumeo.

Neno alilokuambia ni baya, nami silifuniki. Naona pia mwanaume aliyepunguzwa kazi, ambaye kila ukitaja viza anasikia kwamba ameshindwa kumtunza mkewe. Amekaa akiamini, kama wewe, kwamba kila kitu kimesimama juu yake na yeye ameanguka. Kimya chake huenda ni aibu. Huwezi kujua mpaka muongee, na usianze kwa kumjibu lile neno. Chagua siku usiyo na zamu, mkiwa mmeshakula, uweke slipu zako mezani na umwonyeshe hesabu. Mwambie mzigo huo si wake tena peke yake. Kisha mwombe lile ambalo ni lake: pasi yake, na barua za miaka hii miwili zilizokuja kwake na kwako kwenye anwani moja, za halmashauri, umeme, benki, daktari. Ombi linataka pia kuonyesha ndoa ni ya kweli na mnaishi pamoja, na hilo hulifanyi bila yeye.

Akilainika, akaomba radhi, mmepita. Watu waliobanwa na shida husema maneno wasiyoyakusudia.

Ila kama halikuwa neno la juzi tu, kama viza ndiyo fimbo yake kila mnapopishana, kama anashika pasi yako au mshahara wako, hapo jibu langu ni jingine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2021 inahesabu kudhibitiwa na kubanwa kifedha kuwa ni unyanyasaji wa nyumbani. Mwenye viza ya mwenzi ambaye ndoa yake imevunjwa na unyanyasaji anaweza kuomba ukaazi wa kudumu mwenyewe, bila saini ya mume. Simu ya bure ya saa 24 ya msaada kwa wanaonyanyaswa nyumbani ni 0808 2000 247. Iandike mahali, hata kama unaamini hutaihitaji.

Ombi litume viza ikiwa bado hai. Ukifanya hivyo, haki zako za kukaa na kufanya kazi zinaendelea mpaka jibu litoke, hata Oktoba ikipita. Likiingia siku moja baada ya viza kuisha, kinga hiyo huna. Slipu za Septemba zikishatoka, usingoje.