Re: Nijiandae vipi kusoma usanifu wa ndani Ardhi?

Mdogo wangu, umeuliza kama kujua programu za kuchorea kwenye kompyuta, AutoCAD na SketchUp, kunatosha kabla ya kuanza usanifu wa ndani Chuo Kikuu Ardhi. Hakutoshi. Programu utazizoea tu. Jicho la vipimo ndilo linalochelewa. Chukua futikamba upime jikoni kwenu. Kaunta nyingi huwa karibu sentimita 90 kwenda juu. Osha vyombo kwenye iliyo fupi zaidi, mgongo utakueleza.

Likizo hii shinda Keko, Dar es Salaam, kwa mafundi samani, uone mninga unavyorandwa na MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi) inavyokatwa. MDF ya kawaida ikipata maji huvimba kingoni, ndiyo maana kabati la chini ya sinki huwahi kuharibika. Michoro yako ya mkono itunze yote, hata mibaya. Mteja ataomba kuona kazi kwanza, cheti baadaye.