Maswali ya Wasomaji: Breki nimefunga, mbona kiti kinazunguka?

SWALI: Natumia kiti cha magurudumu cha kusukuma kwa mikono. Ndani ya basi nafunga breki zote mbili, lakini dereva akikata kona kiti kinazunguka. Kushuka nako naogopa, ubao wa kupandia na kushukia umeinama mno.

JIBU: Anza na upepo. Breki ya kiti ni chuma kinachobana tairi tu; upepo ukipungua, hakibani sawasawa. Jipime nyumbani: funga breki, mtu akisukume sakafuni. Tairi zikizunguka, jaza upepo. Zikizidi kuzunguka, ndipo ulegeze skrubu za breki kwenye fremu, uisogeze karibu na tairi, ukaze. Wengi huanzia kwenye skrubu, halafu tairi ikijazwa upepo breki haifungiki tena.

Lakini magurudumu madogo ya mbele hayana breki, na hapo ndipo kona inapokushinda. Penye nafasi ya kiti cha magurudumu yenye egemeo, yaani kibao kilichosimama cha kuegemea, kaa mgongo ukielekea mbele ya basi, kiti kiguse egemeo kabisa. Dereva akisimama ghafla, uzito wako unaishia kwenye egemeo. Begi linaloning'inia mgongoni mwa kiti liondoe: linaacha pengo kati ya kiti na egemeo, na wakati wa kupanda ubao linakuvuta nyuma. Usikae ubavuubavu; kiti hupinduka kirahisi upande huo.

Kuhusu ubao, hofu yako ina sababu. Mteremko unaopendekezwa kwa majengo ni 1 kwa 12, yaani kimo cha sentimita 20 kinataka ubao wa mita 2.4. Wa basi huwa mfupi, kwa hiyo mkali. Shuka kinyumenyume, umeinama mbele, msaidizi akiwa nyuma yako. Ukitanguliza uso, vikanyagio vya kuwekea miguu vitagota chini na wewe utachomoka kitini. Kama kiti kina vigurudumu vya kuzuia kupinduka, vikunje kwanza, la sivyo vitakwama mwisho wa ubao.

SWALI: Gari letu halina ubao. Wanaomnyanyua mwanangu na kiti chake wakamate wapi?

JIBU: Kwenye fremu, na mishikio ya nyuma ikiwa imekaza. Kamwe si mikono ya kiti wala vikanyagio, kwani kwenye viti vingi huchomoka. Akihamia siti ya gari, toa mto na vikanyagio kabla ya kukunja kiti, navyo avipakate. Vikiachwa kwenye buti ndivyo hupotea.